Dole Gumba la Yasini

Kyela,
6 Aprili 1994

Mdogo wangu Kheri,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi. Maji yamevuka barabara ya Bujonde, mpunga wa watu umelala, na dukani nimepandisha majora ya vitenge juu ya meza kwa kuogopa unyevu. Mama bado na miguu yake ileile. Kila Ijumaa ananiuliza kama huko Singida kuna samaki, nami namwambia kuna mawe. Mwalimu Odilia, yule mpangaji wetu wa Bukoba, amejifungua mtoto wa kike na anakusalimu.

Sasa ngoja nikae vizuri nikueleze, maana nimeshachana karatasi mbili kwa hasira. Yasini wamemtia ndani.

Unajua mwanangu huyu tangu amalize kidato cha nne hakukaa kijiweni. Tangu kila kitu kiwe ruksa na watu binafsi waanze kununua kakao, yeye anamnunulia tajiri mmoja wa Mbeya, anazunguka na baiskeli Bujonde nzima. Watu wa chama cha ushirika cha kule hawakulipenda hilo tangu mwanzo. Basi Jumamosi ile ya kuamkia Jumapili ya Matawi ghala la chama likavunjwa, kakao ikabebwa. Katikati ya wiki wakaja askari wa kile kituo kidogo cha njia ya ziwani, wakapekua nyumba yangu mpaka chini ya kitanda cha Mama. Wakakuta nini? Magunia matupu yenye muhuri mwekundu wa chama. Kheri, magunia! Chama chenyewe huuza magunia yake makuukuu kila mwaka, nani huku hana? Mimi nafunikia kuni. Mke wa mkuu wa kituo anaanikia mpunga juu ya gunia lenye muhuri uleule, nimeliona kwa macho yangu mawili.

Na Jumamosi hiyo Yasini hakuwepo. Alikuwa Ikombe. Alipeleka mchele kubadilishana na vyungu, nawe unawajua wale mama wa Kikisi, bei ya chungu ni mchele unaokijaza. Yasini akajaza mpaka ukingoni, mfinyanzi anayeitwa Bibi Tusekile akataka kilima juu yake, wakabishana wee mpaka mtumbwi wa kurudi Matema ukaondoka. Akalala hukohuko. Asubuhi akakaa nje ya kanisa kungoja mtumbwi mwingine, Mwislamu peke yake katikati ya watu wenye matawi, kijiji kizima kimemwona. Nimewaeleza askari hayo yote. Wakaniambia, "Mama, nenda nyumbani ukapike."

Wamekaa naye siku nne ndipo wakampeleka mahakamani. Siku ya pili nilimpelekea wali. Akaupokea kwa mkono wa kushoto na akala kwa mkono huohuo. Nikamkemea palepale mbele ya askari, maana hatukumlea hivyo.

Wewe ni mwendesha mashtaka wa polisi. Kila siku unasimama mbele ya hakimu na hao ni wenzako. Waandikie neno moja tu. Sikuombi upindishe kitu, nakuomba uwaambie wanyooshe.

Dada yako,
Mwasiti

*

Singida,
29 Aprili 1994

Dada Mwasiti,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi. Poleni na mafuriko. Huku ni upepo na vumbi, lakini alizeti zimekubali mwaka huu. Mwambie Mama samaki wapo, wa bwawani, hawana ladha ya mbasa wa ziwani kwetu. Mpe hongera Mwalimu Odilia.

Kuhusu Yasini nimesikitika. Naomba usome taratibu haya ninayokuandikia, na ikiwezekana umfikishie.

Askari anapomkamata mtu ni lazima amwambie kosa palepale. Akitaka kumhoji, kwanza amwonye kwamba halazimiki kusema lolote. Mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza, na kunyamaza kwake si kukiri. Ana haki ya kutaka ndugu yake au wakili awepo wakati anatoa maelezo. Asiweke alama yake kwenye maelezo ambayo hakusomewa. Tena asikae kituoni zaidi ya saa ishirini na nne bila kufikishwa kwa hakimu. Hizo siku nne zilikuwa makosa, na aliseme hilo mahakamani.

Habari ya Ikombe ni nzito, lakini haitoshi kuisimulia sokoni. Lazima Yasini aiarifu mahakama mapema, kwa maandishi, kwamba siku hiyo alikuwa mahali pengine na kwamba ana mashahidi. Akingoja mpaka siku ya kujitetea, hakimu anaweza kuona ameitunga.

La mwisho, nalo ulishike kuliko yote. Usiende kumwomba radhi mtu yeyote wa chama. Nawajua watu wa Kyela na nakujua wewe. Usiende, hata ukiambiwa ni kutuliza mambo.

Kuwaandikia wenzangu wa huko siwezi. Si utaratibu. Mengine uliyoyaandika nimeyasoma.

Mdogo wako,
Kheri

*

Kyela,
20 Mei 1994

Mdogo wangu Kheri,

Waaleikum salaam, na marahaba. Maji yamepungua, sasa ni matope na mbu. Mama alipata homa akapona. Jirani yetu mzee Eliud anakupa pole ya mpwa wako, anasema anakukumbuka ulivyokuwa ukimwibia mapera.

Barua yako imefika jana. Jana, Kheri! Mimi wiki mbili nyuma nimeshakwenda.

Ndiyo, nimekwenda. Mzee Eliud na wazee wengine wawili walinijia wakaniambia, "Mama Yasini, hapa jambo linapoa kwa adabu." Nikachukua mkeka mpya na mchele safi, tukaenda kwa Angetile, katibu wa chama. Tukavua viatu mlangoni, wazee wakapiga magoti, Eliud akasema tunaomba radhi kwa yote yaliyotokea. Hatukusema Yasini ameiba. Ungetaka tufanyeje? Hapa mtu akipatwa na baya, jirani haanzi kuuliza nani alaumiwe, anatangulia kuomba radhi. Angetile akapokea mkeka, akala nasi mchele wenyewe, akatushukuru, "Ndaga fijo, ndaga fijo." Kesho yake asubuhi akaenda kituoni kuandikisha kwamba familia ya Yasini imekiri. Mkeka wangu anaulalia mpaka leo. Mwanaharamu mkubwa.

Sasa nieleze wewe uliyesoma sheria. Mtu akiomba radhi kwa adabu anafungwa, na aliyeiba kakao anatembea?

Mahakamani tumekwenda mara tatu. Wanamleta na karandinga, anasimama kizimbani, mwendesha mashtaka ananyanyuka na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Basi, tunapigwa kalenda tunarudi. Bibi Tusekile amekuja mara moja kutoka Ikombe, mtumbwi mpaka Matema, kisha gari la mizigo, akaketi nje kutwa nzima, akaambiwa arudi alikotoka. Ile arifa ya kwamba Yasini alikuwa Ikombe Mwalimu Odilia ameiandika leo asubuhi, na kesho naipeleka kwa karani.

Yule koplo wa upelelezi anatamba sokoni kwamba ana maelezo ya Yasini ya kukiri, na chini yake Yasini ametia dole gumba. Nimemwuliza Yasini pale kizimbani kwa haraka, akatikisa kichwa tu.

Dhamana hakimu ameruhusu. Anataka wadhamini wawili watumishi wa serikali. Odilia amekubali kuwa wa kwanza, na mtoto mchanga mgongoni. Wengine niliowaomba kila mmoja ana safari. Wewe ni mtumishi wa serikali, Kheri. Njoo siku moja tu, tumtoe.

Dada yako,
Mwasiti

*

Singida,
9 Juni 1994

Dada Mwasiti,

Shikamoo. Nimefurahi Mama amepona. Mzee Eliud mwambie mapera yake yalikuwa na funza.

Kwenda kwa Angetile lilikuwa kosa na nilikuonya, ingawa naona onyo lilichelewa njiani. Limeshatokea. Siku ya kesi Yasini amwulize Angetile mbele ya hakimu: walisema nimeiba, au walisema radhi tu?

Kudhamini siwezi. Askari polisi akimdhamini mshtakiwa itaonekana vibaya, na likizo sina.

Nakukumbusha jambo moja la kisheria. Kesi ikikaa siku sitini na upelelezi haujakamilika, hakimu anapaswa ama aisikilize au amwachie mshtakiwa. Hesabu siku zako, tarehe hiyo uwepo mahakamani.

Tafadhali usiandike tena kwa anuani ya kazini. Tumia sanduku la msikiti, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Mdogo wako,
Kheri

*

Kyela,
3 Julai 1994

Kheri,

Salaam. Mama mzima. Mavuno yameanza, mchele mpya unanukia mji mzima na mimi sina hamu hata ya kuupika. Mtoto wa Odilia ameanza kucheka.

Nilihesabu siku zako. Tarehe ikafika, nikaenda na kanzu yake iliyopigwa pasi na kandambili mpya. Mwendesha mashtaka akanyanyuka na wimbo wake uleule, upelelezi haujakamilika. Hakimu, ambaye ni mtu wa Musoma na hana uso wa kucheka, akafungua kitabu chake, akasema siku sitini zimekwisha, mshtakiwa aachiwe. Nilipiga kigelegele mpaka karani akanikemea. Nilikuwa namshukuru Mungu na wewe pamoja.

Yasini akatoka. Kandambili moja ameivaa, ya pili bado iko mkononi mwangu, askari wawili wakamshika bega kwenye ngazi. "Uko chini ya ulinzi." Kosa lilelile, magunia yaleyale, namba ya kesi mpya, na siku sitini zinaanza tena kuhesabiwa tangu mwanzo. Karandinga lilikuwa limeshageuzwa na injini inanguruma. Maana yake walijua atakachosema hakimu kabla hajakisema, wakajipanga. Kandambili ya pili ninayo hapa mezani ninapoandika.

Hasira niliyonayo, Kheri, inanizuia hata kuswali vizuri. Sheria gani hii inayomfungulia mtu mlango wa mbele na kumsubiri nje? Kama haki yake ni kutembea hatua tatu tu, afadhali wangesema tangu mwanzo kwamba hana.

Nina neno nawe. Likizo yako ya mwisho, siku ile tunakula ugali na Mama, akakuuliza utaoa lini. Ukasimama, ukainamisha kichwa kama mbele ya hakimu, ukasema, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, naomba tarehe nyingine." Tukacheka mpaka Mama akapaliwa. Na mimi nilicheka. Sikujua kwamba nyuma ya maneno yale kuna kijana wa mtu amekaa rumande na mama wa mtu ameketi kwenye benchi.

Basi nakuuliza mawili. Uliponiandikia habari ya siku sitini, ulijua kwamba watamngoja mlangoni? Na wewe mwenyewe, huko Singida, umewahi kumngojea mtu mlangoni?

Usiniletee vifungu. Nijibu hayo.

Mwasiti

*

Kyela,
21 Agosti 1994

Kheri,

Mama mzima, anauliza mbona hakuna barua. Namwambia posta ni mbovu.

Mimi najua posta si mbovu, maana ya Odilia kutoka Bukoba inafika. Uliniandikia kwamba mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza na kunyamaza kwake si kukiri. Haya, nimekupa haki hiyo mwezi mmoja na nusu, ambao ni zaidi ya alioupata mwanangu. Sasa imetosha. Mimi si hakimu, mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni, na kwangu kunyamaza ni kukiri.

Mkono wa Yasini haukunjuki. Nilikuwa sitaki kuliandika hilo kwa sababu nikiliandika linakuwa kweli. Wa kulia. Nilimkemea mbele yao, Kheri. Alikuwa na mkono uliovunjwa, nami nikamkemea kwa kula vibaya.

Mwasiti

*

Singida,
16 Septemba 1994

Dada Mwasiti,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimehama nyumba ya kazini, nimepanga chumba karibu na msikiti, kwa hiyo anuani ni ileile. Mwambie Mama posta ilikuwa mbovu.

Kuna kijana anaitwa Marcel, muuza mitumba kutoka Iramba. Alishtakiwa kuiba baiskeli. Jalada lake lilikuwa kwangu. Mama yake huja kila tarehe, hukaa benchi la pili karibu na dirisha, na kila nikisimama hunitazama mdomo kana kwamba leo nitasema kitu kingine. Mwezi wa pili hakimu alimwachia Marcel kwa siku sitini, na akakamatwa tena kwenye ngazi. Nani aliwapanga askari pale kwenye ngazi, huna haja ya kuniuliza mara mbili.

Barua yako ya Julai nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachakaa. Ya Agosti iliponifikia, Jumatatu yake kesi ya Marcel ikaitwa. Hakimu akaniuliza kama kawaida, akiwa ameshashika kalenda. Nikasema, "Mheshimiwa, upande wa mashtaka hauna ushahidi dhidi ya mtu huyu na hautarajii kuupata. Tunaomba kuiondoa kesi." Karani akadhani amesikia vibaya, nikarudia.

Askari walikuwa mlangoni kwa mazoea. Nikatoka pamoja na Marcel, nikawapita, wakanipigia saluti bila kujua wafanye nini. Nikamsindikiza mpaka stendi. Mama yake hakunishukuru. Alimshika mwanawe mkono wakapanda basi, hakugeuka hata mara moja. Nikaona uchungu, dada, nikamkasirikia mama wa watu njia nzima, mpaka nilipofika nyumbani nikakaa kitandani nikaelewa.

Wameniondoa mahakamani. Sasa nalinda lango, nasimama juani na bunduki isiyo na kazi. Usinisikitikie, mshahara ni uleule.

Sasa nisikilize vizuri. Dole gumba nililiona tangu barua yako ya Mei. Yasini amefika kidato cha nne, ana sahihi nzuri kuliko yangu. Kijana kama huyo akitia dole gumba kwenye maelezo, kila mwendesha mashtaka nchi hii anajua kwa nini hakushika kalamu. Na mkono wa kushoto niliuona tangu barua ya Aprili. Niliona, nikakuandikia habari za alizeti.

Siku ya kesi koplo atataka kuyatoa maelezo yale mahakamani. Kabla hakimu hajayapokea, Yasini asimame aseme, "Nayapinga, sikuyatoa kwa hiari yangu." Asingoje hata kidogo. Akisema hivyo hakimu analazimika kusimamisha kesi na kwanza kuchunguza yalivyopatikana. Hapo Yasini amwulize koplo swali moja tu, asiongeze la pili: "Mimi najua kuandika. Kwa nini nilitia dole?"

Na Bibi Tusekile aje, hata kama itabidi alale kwetu wiki nzima. Mpe chumba changu.

Mdogo wako,
Kheri

*

Kyela,
27 Novemba 1994

Mdogo wangu Kheri,

Assalaam aleikum, na tangu leo barua zako zianze na kwisha na dua zangu. Mama mzima. Bibi Tusekile amelala chumbani kwako siku tisa, amekuachia chungu, na amesema mchele wake utaujaza ukija, mpaka kilima.

Kesi imesikilizwa. Katibu Angetile alipanda kwanza, akasema familia ilikiri. Yasini akamwuliza kama ulivyosema. Angetile akajiumauma, mwishoni akasema, "Walisema radhi kwa yaliyotokea." Hakimu mtu wa Musoma akauliza radhi ya nini kama hawakuiba, mzee Eliud akanyanyuka kule nyuma bila kuitwa: "Mheshimiwa, huku mbuzi wa jirani akifa tunakwenda kumwomba radhi, na hatukumuua sisi." Watu wakacheka, hakimu akamwamuru akae, lakini akaandika.

Bibi Tusekile akaulizwa anaikumbukaje siku. Akamtazama mwendesha mashtaka kama mtu anayeuliza upuuzi. "Kesho yake ilikuwa Matawi. Na mtu aliyeninyima kilima cha mchele, mimi nimsahau?"

Kisha koplo akatoa ile karatasi. Yasini akasimama akapinga, kabla hata koplo hajamaliza sentensi. Hakimu akasimamisha kesi, akaanza kuchunguza. Yasini akauliza swali lake moja, taratibu, na mkono wa kulia ameuweka juu ya ukingo wa kizimba ulivyo, vidole vimejikunja. Koplo akasema mtuhumiwa alipenda mwenyewe kutia dole. Hakimu akamwambia Yasini aandike jina lake. Wakampa kalamu. Ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akairudisha kwenye ule wa kulia, ikaanguka tena. Hakimu akaitazama pale chini, akasema maelezo hayapokelewi. Siku ya hukumu akasema magunia ni ya kila mtu, radhi si kukiri, mshtakiwa hana hatia.

Sikupiga kigelegele, Kheri. Nilishajifunza. Nilitoka mimi kwanza, na mama wote wa sokoni nyuma yangu, wauza mchele, wauza ndizi, Odilia na mtoto wake, Bibi Tusekile. Askari walewale wawili walikuwa kwenye ngazi. Tukamweka Yasini katikati yetu. Mmoja akasema, "Mama, pisha, kuna kosa jingine." Nikamwuliza, "Kosa gani?" Akasema ataelezwa kituoni. Nikaitoa ile barua yako ya Aprili, nikasoma kwa sauti mpaka mwisho wa soko wakasikia: askari anapomkamata mtu ni lazima amwambie kosa palepale. Nikasema, haya mwambie, tunasikiliza. Mama wote wakadakia, "Mwambie! Mwambie!" Hawakuwa na kosa la kumwambia. Tukapita.

Lakini usidhani nimeridhika. Koplo yuko kazini, jana amenunua nyanya kwa Naomi pale karibu na duka langu kama vile hakuna lililotokea. Kakao hakuna aliyeitafuta. Hakimu aliona mkono, akaitupa karatasi, na hakuuliza nani aliuvunja. Swali hilo limebaki, na mimi nitakwenda kuliuliza Mbeya, na kama Mbeya hawana jibu nitakwenda mbele zaidi. Niandikie niende mlango gani kwanza. Vifungu sasa naviomba, vilete vyote.

Yasini ananinyang'anya karatasi, anasema hapa chini pawe pake.

Dada yako,
Mwasiti

Shikamoo mjomba. Daktari wa Mbeya anasema mkono wa kulia hautarudi ulivyokuwa. Najifunza wa kushoto, kila siku ukurasa mmoja. Mistari hii imenichukua asubuhi nzima, mama amechemsha chai mara mbili. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Wakiniuliza tena siku yoyote, sitii dole.

Yasini